Tiba ya Mwendo wa Macho kwa Aliyepatwa na Kiwewe: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Mombasa

Ukimwona mtu anatibiwa kwa EMDR, yaani tiba ya mwendo wa macho, utadhani ni kiinimacho. Ameketi kwenye kiti, mtaalamu yuko ubavuni mwake, vidole viwili vinakwenda kushoto na kulia, na macho yake yanavifuata. Baada ya nusu dakika vidole vinasimama, anavuta pumzi, anasema maneno mawili matatu, kisha vidole vinaanza tena. Kipande hicho ndicho watu hurekodi na kutumiana kwenye simu, na ndicho kinachoigwa na wasiosomea. Lakini kazi hiyo ya vidole ni hatua ya nne kati ya nane. Hatua tatu zinazotangulia ndizo zinazoamua kama mtu atapata nafuu au atatoka mlangoni na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo, na ndizo ambazo wenye haraka huziruka. Mwongozo huu utakaa zaidi hapo.

Ilikotoka, na kwa nini macho

Tiba hii ilianzishwa na Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1987 aligundua kuwa fikira zilizokuwa zikimsumbua zilipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku. Akaijaribu kwa watu wengine, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka, pamoja na tiba ya fikira na tabia inayolenga kiwewe, miongoni mwa tiba linazozipendekeza kwa watu wazima na watoto wenye ugonjwa wa kiwewe.

Kumbukumbu ya kawaida hufifia kadiri siku zinavyopita. Kumbukumbu ya kiwewe hukaa kama mwiba wa samaki kooni: kila ukimeza, upo. Harufu, mlio, maumivu na hofu ya siku ile hubaki vibichi, na kitu kidogo kikigusa, mwili huitikia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi.

Kuhusu macho, maelezo yenye ushahidi mwingi ni haya: akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Ukishika picha ya tukio huku macho yakifukuza vidole, kazi hizo mbili hugombania nafasi hiyohiyo, picha ikakosa nguvu, na inaporudi kuhifadhiwa inarudi imepungua makali. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha uponyaji kinatokana na macho na kiasi gani kinatokana na kulikabili tukio kwa utaratibu. Ubishi huo haukuhusu sana wewe unayetafuta tiba. Kinachokuhusu ni kwamba tukio halifutwi. Utalikumbuka, ila litakuwa jambo lililopita.

Je, una kiwewe kinachohitaji tiba hii?

Katika wiki za mwanzo baada ya ajali, uvamizi au msiba wa ghafla, ndoto mbaya na kushtuka ovyo ni mwitikio wa kawaida, na walio wengi hutulia wenyewe wakipata usalama, usingizi na watu wao wa karibu. Wakati huo mtu asilazimishwe kusimulia. Wala asipewe dawa za usingizi za jamii ya Valium eti apumzishwe. Shirika la Afya Duniani linashauri zisitumike kutibu mshtuko wa namna hii katika mwezi wa kwanza.

Mwezi ukipita na mambo yakabaki yaleyale, tazama makundi manne ya dalili: tukio linakurudia kwa ndoto au kwa picha za ghafla mchana, unakwepa mahali, watu au mazungumzo yanayokukumbusha, umejiona vibaya au dunia umeiona vibaya tangu siku ile (lawama, aibu, kufa ganzi moyoni), na mwili uko macho muda wote, hulali, unafoka, unaruka mlango ukibamizwa. Ukiwa na dalili kutoka makundi yote manne, na zinakuvurugia kazi au nyumba, ni wakati wa kumwona mtaalamu.

Umri wa kumbukumbu si kizuizi. Mji huu una vidonda vyake vya pamoja: feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 29, 1994 ikaua watu 272, ghasia za Likoni za Agosti 1997, bomu la hoteli ya Kikambala la Novemba 28, 2002. Aliyenusurika Mtongwe akiwa kijana, na hadi leo akipanda feri anashika nguzo na kufumba macho, anaweza kutibiwa sasa.

Nani asubiri kwanza

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa hiyo soma polepole.

Anayeishi bado na anayempiga hatibiwi kumbukumbu za vipigo. Hofu yake ni king'ora kinachofanya kazi yake, na ukikizima unamwacha bila ulinzi. Kwanza usalama. Nambari 1195 ni ya bure kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto.

Aliyebakwa siku hizi karibuni ana haraka nyingine kabisa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri inavyowezekana mapema zaidi. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Coast General, hospitali ambayo wengi bado huiita Makadara, ina kituo cha kuhudumia waathiriwa wa ukatili. Fomu ya P3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha) na taarifa ya polisi zikamilishwe kabla ya EMDR kuanza, kwa sababu tiba hupunguza ukali wa picha, na wakili wa upande wa pili anaweza kudai kuwa ushahidi umeguswa. Kama kesi iko mahakamani, mwambie mtaalamu siku ya kwanza.

Mwenye fikira za kujiua leo aende idara ya dharura, au apige 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. EMDR itamngoja.

Mwenye kifafa aseme mapema. Vifaa vya taa zinazokimbia havimfai. Atatibiwa kwa kupigwapigwa taratibu viganjani badala ya kutumia macho, na dawa zake asiziache. Mwenye maumivu ya jicho, au aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho karibuni, naye asitumie macho mpaka daktari wa macho aruhusu. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waongee kwanza na daktari wao, maana kikao kinaweza kuupandisha moyo mbio.

Kuhusu vilevi tuseme wazi. Ukija umetafuna muguka tangu jana, moyo tayari unakwenda mbio na hujalala. Mtaalamu hawezi kujua mapigo hayo yanatoka kwenye kumbukumbu au kwenye majani. Bangi na pombe huzuia hisia zisifike, na kazi ya kikao isishike. Saa 24 bila kitu chochote kabla ya kikao ndiyo shabaha, na anayeshindwa aseme ukweli, asifukuzwe. Anayetumia methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, hakatazwi, mradi dozi yake imetulia. Anayemeza dawa za jamii ya Valium kila siku asizikate ghafla kwa ajili ya tiba hii, kwani kuzikata ghafla ni hatari. Amjulishe daktari aliyemwandikia.

Na kuna kundi ambalo Mombasa halitajwi kwa jina lake: wanaopotea. Mtu anazungumza nawe, mara macho yanaganda, hajui saa imekwendaje. Au anajiona yuko darini anajitazama. Au nyumbani wanasema hupandwa na pepo kila akikasirishwa. Mtaalamu mzuri huuliza habari hizi bila kucheka wala kubishana kuhusu jini. Anachotaka kujua ni kama akili ya mtu huyu imejifunza kukimbia mwili pale maumivu yanapozidi. Kama ndivyo, maandalizi yatachukua wiki au miezi kabla ya kugusa kumbukumbu yoyote. Akiharakishwa, ataganda kitini na huenda akazidiwa siku kadhaa.

Kumpata mtaalamu

Nchini Kenya washauri nasaha na wanasaikolojia wako chini ya sheria ya mwaka 2014, na bodi yao ndiyo inayotoa leseni. Anza hapo: omba kuona leseni ya mwaka huu. Kisha uliza maswali matatu ya EMDR yenyewe. Umesomea wapi na kwa saa ngapi? Mafunzo ya msingi ya kiwango cha Marekani huwa na saa 20 za nadharia, saa 20 za mazoezi na saa 10 za kusimamiwa. Aliyehudhuria semina ya Jumamosi moja hajafika huko. Nani anakusimamia sasa? Na je, umewahi kutibu jambo la aina ya langu? Asiyependa kuulizwa haya amekwisha kukujibu.

Waliosomea EMDR jijini si wengi. Unaweza kuanzia idara ya afya ya akili ya Coast General au Port Reitz, uchunguzwe, halafu uulize nani wanamfahamu. Njia nyingine ni vikao kwa video na mtaalamu aliye Nairobi au kwingineko. Vinafanya kazi, kwa masharti: kompyuta badala ya simu, chumba chenye mlango unaofungwa, bando lisilokatika katikati ya kikao, na mtu mzima mmoja nyumbani anayejua uko kwenye tiba. Weka simu ya akiba yenye salio, maana stima ikipotea dakika ya 40, mtaalamu lazima akupate sauti mara moja.

Usipompata wa EMDR, aliyebobea katika tiba ya fikira na tabia inayolenga kiwewe ana ushahidi wa kutosha vilevile. Usikae miaka miwili ukingoja vidole.

Uliza bei ya kikao cha dakika 90, si cha 60 pekee, kwa sababu kazi ya hatua ya nne hubanwa vibaya ndani ya saa moja. Tukio moja la ukubwani, kama ajali, mara nyingi huhitaji vikao vitatu hadi sita vya kazi yenyewe, mbali na vya maandalizi. Maumivu ya utotoni yaliyorudiwarudiwa ni hesabu nyingine, ya miezi. Kama una bima, ulizia inalipia vikao vingapi kwa mwaka kabla hujaanza, kwani kukatiza katikati ni kubaya kuliko kuchelewa.

Mwanamke anayetaka kutibiwa na mwanamke aseme hivyo waziwazi. Si ombi la ajabu. Niqabu haizuii tiba, macho yanaonekana. Ndugu aliyemsindikiza anaweza kukaa nje ya mlango, lakini si ndani: mtu hupunguza maneno akiwa mbele ya watu wake, na aibu ni sehemu kubwa ya kiwewe.

Hatua ya 1 na ya 2: historia na maandalizi

Kikao cha kwanza, na pengine cha pili, ni cha maswali. Si lazima usimulie tukio kwa urefu. Mtaalamu anatafuta vichwa vya habari: tukio la kwanza la aina hiyo, lililo baya zaidi, la karibuni zaidi, vitu vinavyokuchokoza leo, na mambo unayoyaogopa mbele. Kutoka hapo anatengeneza orodha ya shabaha, yaani matukio mtakayoyashughulikia. Wengi hutumia pia fomu ya maswali 20 inayoitwa PCL-5, yenye alama 0 hadi 80. Itunzeni, mtailinganisha baadaye.

Maandalizi ndiyo moyo wa mambo. Kwanza ni ishara ya kusimamisha. Unainua kiganja, na mtaalamu anasimama hapohapo bila kuuliza. Ijaribuni mara mbili tatu mkiwa hamjagusa jambo lolote, kwa sababu mtu aliyewahi kusema "acha" na asisikilizwe anahitaji kuona kwa macho yake kuwa hapa anasikilizwa.

Pili ni viti. Havitazamani. Vimepishana, kiti chako kikitazama upande mmoja na cha mtaalamu upande wa pili, mabega yenu yakikaribiana bila kugusana. Vidole vinakuwa sentimita 30 hadi 35 kutoka usoni, au mbali zaidi ukipenda. Wewe ndiye unayechagua. Mnajaribu mwendo wa mlalo, wa mshazari, wa haraka na wa polepole. Kichwa hakigeuki, macho tu. Zima pangaboi ikiwa mapanga yake yanaonekana kwenye pembe ya jicho, maana macho yatavutwa huko. Joto likizidi, tumia feni ya chini iliyo nyuma yako. Vua lenzi za machoni kama unazivaa.

Tatu ni mahali pa amani: picha ya mahali ambapo mwili unalegea. Mtaalamu anakuuliza unaona nini, unasikia nini, unanusa nini, kisha anaongeza raundi fupi za polepole, mizunguko minne hadi sita tu, na kukuuliza hali ikoje. Hapa pana mtego wa Mombasa. Karibu kila mshauri hukimbilia kusema, "Fikiria uko ufuoni." Kwa aliyenusurika kwenye feri, au aliyefiwa na mtoto baharini, ufuo ndio jeraha lenyewe. Ua wa nyumba ya bibi penye mwasumini, msikiti wakati wa alasiri, kibaraza cha jikoni siku ya mvua, vyote vinafaa. Mahali pakianza kuleta picha mbaya, pabadilishwe mara moja. Pasipopatikana kabisa, hiyo ni habari muhimu: mtu huyu hajawa tayari, maandalizi yaendelee.

Nne ni sanduku. Unatia ndani, kwa fikira, kile kisichomalizika, unafunga, unaacha kwa mtaalamu hadi kikao kijacho. Linasikika kama mchezo wa watoto, lakini siku kikao kikikatika njiani utalihitaji.

Usivuke hadi hatua ya tatu mpaka uweze kujituliza nyumbani, mwenyewe, zaidi ya mara moja katika wiki ya kawaida.

Hatua ya 3: kupima kabla ya kugusa

Tuseme anayetibiwa ni dereva wa tuktuk aliyegongwa na lori usiku karibu na Changamwe. Abiria wake alivunjika mguu. Mtaalamu anakusanya vitu saba kwa mfuatano.

Picha iliyo mbaya kuliko zote: taa za lori kwenye kioo. Kauli mbaya anayojiambia *sasa* akiiona: "Ni makosa yangu." Kauli ambayo angependa kuiamini: "Nilifanya nilichoweza." Kauli hiyo nzuri anaiamini kiasi gani, 1 hadi 7? Mbili. Hisia: hofu na lawama. Usumbufu, 0 hadi 10? Tisa. Na mwilini uko wapi? Kifuani, na goti la kulia.

Kauli mbaya hukosewa mara nyingi. "Lori lilinigonga" ni habari, si kauli juu ya nafsi. "Naogopa" ni hisia. Inatakiwa sentensi inayomhukumu mtu mwenyewe: ni makosa yangu, sina uwezo, siko salama, mimi ni mchafu. Na kauli nzuri isiwe ndoto. "Ajali haitatokea tena" haikubaliki na akili yoyote timamu inayopita barabara ya Magongo.

Namba huwatatiza baadhi ya wazee. Tumia ngazi: "Bibi, hofu iko kipandio cha ngapi?" Inatosha.

Hatua ya 4: macho yaanza kazi

Unashika kwa pamoja picha, kauli mbaya na mahali pa mwilini, kisha vidole vinaanza. Raundi moja ni mizunguko 24 hadi 30, kila mzunguko wa kwenda na kurudi ukichukua kama sekunde moja. Mwisho wa raundi mtaalamu hasemi mengi.

"Acha hiyo. Vuta pumzi. Kuna nini sasa?"

"Taa. Zinakaribia."

"Endelea na hapo."

Raundi nyingine. "Sasa?"

"Goti linauma, dada. Linauma kama siku ile."

"Weka fikira hapo kwenye goti, kaka. Twende."

Raundi ya tano au ya sita: "Nimekumbuka yule abiria... alinishika bega. Akasema, tulia, tumetoka."

"Endelea na hilo."

Mtaalamu hakuchambua, hakufariji kwa maneno mengi, hakusema "pole" kila mara. Kufanya hivyo hukatiza mkondo. Kazi yako nawe ni kutazama kinachopita, kama kipo. Kikija kisichohusiana, sema hivyohivyo. Hakuna jibu sahihi. Kosa kubwa la wanaotibiwa ni kujitahidi kuonekana wanapona, wakataja namba ndogo ili kumfurahisha mtaalamu.

Machozi, kutetemeka, jasho na kichefuchefu huja. Machozi hayasimamishi raundi mradi mtu bado yuko chumbani. Mara nyingi kuisimamisha pale kilele kilipo humwacha amekwama juu. Lakini macho yakiganda, sauti ikififia, mikono ikipoa, au usingizi mzito ukimshika ghafla, huyo ameanza kupotea. Vidole visimame. Miguu ikanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona, anywe maji, aambiwe leo ni siku gani na yuko mtaa gani. Kuendelea na raundi mtu akiwa katika hali hiyo ni kosa la kitaalamu, na una haki ya kubadilisha mtaalamu.

Raundi mbili zikipita bila chochote kubadilika, kwanza badilisheni mwendo: mshazari, haraka zaidi, au fikira ziende mwilini badala ya kwenye picha. Macho yakichoka, hamieni kwenye kupigapiga magoti au viganja kwa zamu. Bado? Mtaalamu anatupia swali moja fupi, kisha anarudi kwenye raundi. Kwa dereva wetu: "Lori lilikuwa upande wa nani?" Kwa aliyeumizwa utotoni: "Ulikuwa na miaka mingapi? Mtoto wa umri huo ana nguvu gani?" Swali moja. Likigeuka wasia wa dakika kumi, tiba imekuwa mahubiri.

Lengo ni usumbufu kufika 0. Kwa aliyefiwa, 1 inaweza kuwa ndiyo mwisho wa haki; huzuni ya kumpoteza mzazi si ugonjwa wa kufutwa.

Hatua ya 5 hadi ya 8

Usumbufu ukishafika chini, kauli nzuri hushikwa pamoja na tukio, raundi zinaendelea hadi iwe 7 kati ya 7. Inawezekana dereva sasa ana kauli bora kuliko ile ya mwanzo, "Nilifunga breki kwa wakati", itumieni hiyo. Kisha macho yanafumbwa na mwili unakaguliwa kutoka utosini hadi nyayoni. Goti likiwa bado linabana, kazi haijaisha, hata kama namba zinasema imekwisha. Mwili huchelewa kudanganywa.

Kufunga kikao kuna kanuni ngumu: dakika kumi za mwisho hazianzishwi raundi mpya za kumbukumbu. Kama 0 haijafika, sanduku linafungwa, mahali pa amani panarudiwa, na unaondoka ukiwa umetulia. Kikao kijacho kinaanza kwa kupima tena tukio lilelile kabla ya kuhamia lingine. Adhana ikiingia katikati ya raundi, malizeni raundi iliyopo ndipo msimame. Muda wa sala bado upo, na kukatwa ghafla hubakiza mtu juu.

Saa 72 baada ya kikao

Usiendeshe tuktuk wala pikipiki kurudi nyumbani siku ya kikao kizito. Kama feri ndiyo inayokuchokoza na unaishi Likoni, vuka na mtu, au panga kikao wakati ambao si wa msongamano. Ndoto nyingi, uchovu na kumbukumbu mpya zinazochomoza kwa siku mbili tatu ni kawaida. Ziandike kwa mstari mmoja mmoja kwenye daftari: ilikuwa nini, usumbufu ngapi, mwilini wapi. Usizichimbe. Usiamue talaka, kuacha kazi wala kumkabili aliyekuumiza katika siku hizo.

Mwezi wa Ramadhani si lazima usimamishe tiba, lakini kikao kizito saa tisa alasiri, ukiwa na kiu na njaa, humpa mwili sababu mbili za kutetemeka. Asubuhi ni bora, au baada ya futari, au tumieni mwezi huo kwa maandalizi.

Walio nyumbani: msimhoji. "Leo umeambiwa nini?" ni swali linalofanya mtu aache kwenda. Mpikieni, mwacheni alale.

Kisomo, ruqya au maombi kanisani havigongani na EMDR, na kwa wengi ndivyo vinavyowashikilia kati ya kikao na kikao. Pale mwalimu au mchungaji anapoagiza mtu apigwe, afungwe, ashindishwe njaa au aache dawa za kifafa, hapo kataeni.

Unachoweza kufanya peke yako

Kitu kimoja tu, nacho ni cha kutuliza, si cha kuchimba. Kinaitwa kumbatio la kipepeo, na kilibuniwa Mexico kwa ajili ya watu walioathiriwa na kimbunga kilichopiga Acapulco mwaka 1997.

1. Kaa, miguu sakafuni. Pishanisha mikono kifuani, ncha za vidole zifike chini ya mitulinga, mifupa ya mbele kati ya shingo na bega.
2. Piga taratibu kwa zamu, kulia na kushoto, ukifikiria mahali pa amani. Mapigo sita hadi nane kila upande.
3. Simama, vuta pumzi, angalia mwili. Rudia mara mbili tatu.
4. Picha ya tukio ikianza kukua, acha. Fumbua macho, taja vitu vitano chumbani.

Video za kufuata mpira unaokimbia kwenye skrini huku ukifikiria siku ile ni hatua ya nne bila hatua tatu za kwanza, na bila mtu wa kukusimamisha ukipotea. Usizitumie hivyo.

Utajuaje inafanya kazi

Baada ya vikao vitatu vya kazi yenyewe, kitu fulani kinatakiwa kiwe kimesogea: usingizi, namba ya usumbufu, au mahali ulipokuwa ukipakwepa. Kisiposogea, uliza bila haya. Huenda shabaha ni ya pili na ya kwanza iko utotoni. Huenda unaishi bado katika hatari. Huenda kuna ugonjwa mwingine, kama unyogovu mzito, unaohitaji daktari wa akili na dawa sambamba. Fomu ya PCL-5 ikishuka kwa alama 10 au zaidi ni dalili nzuri.

Tukio likishatulia, kazi huhamia kwenye vichokozi vya leo, kila kimoja kwa raundi zake: mlio wa honi, usiku, kona ya Changamwe. Kisha siku za mbele. Dereva anajiona kwa fikira akiwasha tuktuk saa mbili usiku, anapita pale, lori linamfuata nyuma, na raundi zinaendelea hadi picha nzima ipite bila kukwama. Halafu anaifanya kweli: kwanza mchana akiwa abiria, kisha mchana akiendesha, kisha usiku bila abiria. Akishtuka mahali, anaandika, analeta kikaoni.

Ombeni kikao cha kuangalia hali baada ya mwezi mmoja na kingine baada ya miezi mitatu. Dalili zikirudi baada ya tukio jipya, kwa kawaida si lazima uanze upya safari nzima. Vikao vichache kwa tukio hilo hutosha, mradi umerudi kwa mtaalamu mwenye daftari lako.